Tandiko Liko Saloni, Farasi Hayuko

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeumba farasi wote walio duniani, na ambaye kwa hekima yake hakuniandikia mimi hata mmoja.

Kamembe, Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri.

Kwa Ndugu Mutabazi,
Mkuu wa Mudugudu, kijiji chetu.

YAH: OMBI LA KUTOTAJWA JINA LANGU MIONGONI MWA WANAOLALA NA WANYAMA

Ndugu Mkuu,

Nakusalimu kwa salamu ya amani, wewe na mama wa nyumbani kwako, na watoto, na mama mkwe wako ambaye nasikia goti lake limeanza kumtii. Sisi huku kwa upande wa miili hatujambo. Kwa upande wa heshima hatujambo nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu tangu nikiwa chuoni tulifundishwa kwamba mwenye hasira asiandike mpaka atawadhe. Nimetawadha mara nyingi kuliko ilivyo kawaida ya mzee mwenye baridi ya viungo. Leo naona nimepoa kiasi cha kuandika, ingawa sijapoa kiasi cha kuandika kwa kifupi.

Kabla ya malalamiko, niweke wazi vilivyomo saloni kwangu, sebule ya wageni, asije mtu akasema nimeficha. Kuna tandiko moja la farasi, la ngozi, limekaa juu ya kigoda kirefu ambacho marehemu baba yangu alikichonga kwa kazi hiyo tu. Kwenye ukuta wa pili, usio wa kibla, ili zisinishughulishe ndani ya sala, zimetundikwa hatamu mbili pamoja na lijamu, yaani kile chuma kinachotiwa kinywani mwa farasi. Juu ya mlango wa ukumbi vinaning'inia vikuku viwili, ambamo mpandaji hutia nyayo zake. Wageni warefu huvigonga kwa vipaji vya nyuso, navyo hulia vizuri. Kando ya kochi kuna ukanda wa tumbo na brashi ya kusugulia manyoya.

Manyoya yenyewe hayapo. Farasi hayupo, na hajawahi kuwapo. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa ngozi kule Bukavu, naye ndiye aliyekuwa akivishona na kuvitengeneza vifaa hivi kwa bwana mmoja mwenye shamba. Siku bwana yule alipohama alichukua farasi akaacha vifaa, na baba hakuweza kuiacha kazi ya mikono yake ioze ghalani. Tuliporudi ng'ambo hii ya mto, wenzetu walivuka wakiwa na magodoro na masufuria vichwani; sisi tulivuka na tandiko. Baba alituusia tusiliweke chini, kwani kitu kilichotengenezwa kukaa mgongoni kikiwekwa chini hujifunza uvivu. Kwa hiyo kila Alhamisi nalipaka mafuta, na Ijumaa wageni wakija wanalikuta linang'aa kuliko mimi.

Nimepata habari kwamba Jumamosi hii, baada ya kazi ya pamoja ya umuganda, katika mkutano, utasimama mbele ya watu na kuzitaja nyumba ambazo bado watu na wanyama wanalala chini ya paa moja, na kwamba nyumba yangu imo. Ndugu Mkuu, nakusihi usiitaje. Mjukuu wangu Isimbi, niliyemlea tangu mama yake alipofariki, yuko katika mazungumzo ya posa na mjukuu wa Mzee Harerimana, na Mzee Harerimana hakosi umuganda. Husimama mbele kabisa, ameegemea jembe lake, na masikio yake, ashukuriwe Mungu, hayajazeeka pamoja naye. Nitayaeleza malalamiko yangu kwa mpangilio, ili uone namna mtu asiye na farasi anavyoweza kufikia hali hii.

1. Ndugu Delphin, mjumbe wetu wa usafi, alikuja nyumbani kwangu kwa adabu njema. Alivua viatu. Aliuliza habari za kuku, nikamwonyesha banda lao uani, akafurahi. Mimi kampeni hii ya kutenganisha watu na mifugo naiunga mkono kwa moyo wote. Kulala na mbuzi si afya, na mbuzi wenyewe hawapati usingizi. Kisha akaingia saloni, akainua macho ukutani. Maneno yaliyofuata nayaandika kama yalivyosemwa, nisije nikayapamba.

"Papa Karim, na ile farasi inalalaka wapi?"

Nikamwambia, "Mwanangu, sina farasi."

"Ah, Mzee! Sela iko, kamba iko, brosi iko, farasi yenyewe haiko? Mimi nikionaka biatu ku mulango, najua bantu bako ndani."

Nikamweleza kwamba hata viatu vya marehemu baba yangu vimo sandukuni, na baba hayumo ndani yake. Akafikiri kidogo, akasema huyo ni baba, hii ni farasi. Hoja hiyo mpaka leo sijapata pa kuishika.

2. Nilimruhusu apekue nyumba, nikidhani macho yatamaliza ubishi. Alitazama vyumbani, jikoni na chooni. Alipiga magoti akatazama chini ya kitanda cha ndoa yangu, mahali ambapo mimi mwenyewe sijatazama tangu mgongo uanze kunikataza. Hatimaye alifungua kabati la vyombo. Mke wangu Mukamazimpaka akamwuliza kwa upole farasi angeingiaje kabatini katikati ya sahani. Ndugu Delphin alijibu kwamba yeye hajawahi kumwona farasi kwa karibu, kwa hiyo hawezi kujua anaweza nini. Alipomkosa, sikusikia akisema kwamba hayupo. Alisema, "Mzee, mumeificha muzuri sana." Nami nilikuwa nimekwisha kuandaa chai ya kumpongeza.

3. Alipotoka aliwauliza majirani. Mama Bernadette, ambaye dirisha lake linatazamana na langu, na ambaye ni mwanamke mkweli asiyesema asilolisikia, alishuhudia kwamba kila alfajiri humsikia huyo farasi. Alieleza hata mtindo wake: huanza chini chini, hupanda taratibu, hutulia, kisha hutoa mlio mmoja mkubwa na kupiga chafya. Ndugu Mkuu, sauti hiyo ni mimi. Ni mimi ninayesafisha koo kabla ya adhana ya Alfajiri. Maisha yangu yote nimedhani ninakohoa kwa staha. Nilimwendea Mama Bernadette, nikakohoa mbele yake ili aamini, akanipa pole, akasema ninaiga vizuri sana. Akaongeza kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wanawake waliokuwa wakichambua maharage pale kibarazani wakasema amina.

4. Ndugu Delphin aliniagiza nijenge zizi. Mke wangu, ambaye ana busara fupi na nzuri, aliniambia, "Mzee, jenga tu. Kujenga kuna mwisho, kubishana hakuna." Basi nikajenga zizi uani, la mbao na mabati, lenye mlango, dirisha na sakafu iliyopigwa vizuri, nikamwalika Ndugu Delphin aje alikague. Alikuja, akainama, akaingia, akanusa. Akatoka na uso wa huzuni.

"Papa, humu haijalala kitu. Hata mavi moja haiko."

Nikasema hakika hakuna, na huo ndio ukweli niliokuwa nikiulilia tangu mwanzo. Akasema, "Basi kama hailali humu, inalala wapi? Njo inalala tu saloni!" Kwa hiyo zizi nililojenga kuthibitisha kwamba sina farasi ndani limekuwa ndilo ushahidi kwamba ninaye. Ningekuwa sikulijenga, shitaka langu lingekuwa dogo zaidi.

Akanishauri pia nivitoe vifaa saloni nivitie zizini. Hili nililikataa, na sababu zangu ni mbili. Unyevu wa zizi utaila ngozi. Na tumefundishwa na masheikh zetu kwamba kheri imefungwa kwenye nywele za paji la uso la farasi. Hatamu hupita papo hapo, juu ya nywele zile zile. Mimi sidai kwamba kheri yote iko ukutani kwangu, lakini haiwezekani kwamba ngozi ile ilisugua paji la farasi miaka yote hiyo isiondoke na kitu. Kitu kama hicho hakitiwi uani.

5. Huruma ya watu. Ndugu Mkuu, hili ni gumu kulilalamikia, kwani walionitendea walitenda kwa wema. Habari ilipoenea, waja wa Mungu walianza kuleta majani. Mama mmoja alitoka Gashonga akiwa nyuma ya pikipiki, amekumbatia mzigo wa majani ya viazi vitamu, akasema amesikia kuna mnyama mgeni. Nikamwambia hayupo. Akanitazama kwa jicho lile ambalo watu humtazama bahili. Ikaanza kusemwa kwamba ninamnyima chakula farasi wangu, na dini yetu imeonya vikali juu ya mwenye kumfunga mnyama asimlishe. Kwa kuogopa maneno, nikawa nayapokea majani na kuyatia zizini. Majani yakakaa, yakanyauka. Watu wakachungulia dirishani, wakasema farasi hali, anaumwa.

Ndipo akaja mganga wa mifugo kutoka upande wa Nyakabuye, kijana mpole, na sindano yake tayari. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda, nikakaribia kutoa machozi. Kisha akaomba alione tandiko. Akalipima upana kwa viganja vyake, akatikisa kichwa, akasema farasi amekonda na nimwongezee chumvi.

6. Nafika sasa kwenye jambo lenyewe, na naomba hapa usome polepole. Kabla ya haya yote kutokea, Mzee Harerimana na watu wake walikuja kwetu mara ya kwanza, kama ilivyo desturi. Wewe unaijua desturi hiyo: mgeni wa posa siku ya kwanza haombi kitu. Anakunywa chai, anasifu hali ya hewa, na anasoma ukuta. Ukuta ndio humwambia ameingia kwa watu gani. Walivitazama vifaa vyetu kwa muda mrefu na hawakuuliza, kwa kuwa mtu mwenye adabu haulizi kuhusu kitu kilichotundikwa na mwenzake. Nami sikueleza, kwa kuwa mtu mwenye adabu haelezi asichoulizwa. Tuliachana vizuri. Isimbi aliimba jikoni mpaka maji ya wali yakakauka.

Ndugu Delphin alikuja wiki hiyo hiyo. Tangu hapo, kwa Harerimana ni kimya. Msikitini ananipa vidole viwili badala ya mkono, na imamu akishatoa salamu ya mwisho, nikigeuka, sehemu aliyokuwa amekaa imebaki mkeka. Nimemwona sokoni akijificha nyuma ya mafungu ya ndizi, na Mzee Harerimana si mtu wa kufichwa na fungu moja. Natambua maana yake. Amesikia kwamba tunalala na mnyama, na hataki mjukuu wake aoe katika nyumba yenye kwato. Isimbi haniulizi kitu. Anafagia saloni, anafika kwenye kigoda cha tandiko, anazunguka, anaendelea. Haimbi. Mtoto akikulaumu kwa maneno unaweza kumjibu. Huyu ananilaumu kwa ufagio.

7. Kwa sababu hizo nimefikiri, nikasali sala ya kutaka mwongozo, na nimefikia uamuzi ambao nauleta kwako kwa unyenyekevu. Kwamba sina farasi, nimeshindwa kulithibitisha. Nimefungua nyumba, nimekohoa hadharani, nimejenga zizi. Kila ninachofanya kuonyesha kwamba hayupo kinamnenepesha. Asiyekuwapo hana pa kukaguliwa. Huwezi kumfunga mahali watu wakamwona hayupo ndani ya saloni. Farasi aliyepo, kinyume chake, anaweza kuonekana akilala nje.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, naomba mudugudu unipatie farasi.

Sitaki wa kukaa naye. Namtaka kwa siku moja tu, kabla ya Jumamosi. Alale zizini mchana kweupe, mbele ya Ndugu Delphin na Mama Bernadette, aache humo chochote ambacho wanyama huacha, na kiandikwe kwamba kimeonekana. Hapo itakuwa imethibitika kwamba farasi wangu halali saloni, na jina langu litatoka miongoni mwa majina yale. Kisha mumchukue, nibaki bila farasi kama raia wengine. Awe mtu mzima, asiwe na kelele kunizidi, na kama inawezekana awe na mgongo wa kiasi cha tandiko letu, ili mganga wa Nyakabuye naye apate faraja. Ndugu Delphin akipenda kulala saloni kwangu siku hiyo ili ajiridhishe, mke wangu atamtandikia kochi, na naahidi kutomhesabu miongoni mwa wanyama.

Kama mudugudu hauna farasi, na najua hauna, basi naomba nipewe hati yenye muhuri inayosema kwamba mudugudu mzima hauna farasi. Hapo nitauliza, kwa sauti ya chini, ni farasi gani basi anayelala kwangu.

Nihitimishe. Wasalimie wote walio chini ya paa lako. Msalimie Ndugu Delphin; simchukii, ni kijana mwenye bidii, na siku akimwona farasi kwa karibu atafika mbali. Wasalimie wanawake wa kibarazani kwa Mama Bernadette. Mwenyezi Mungu aitie nuru nyumba yako, aifanye milango yake iingize watu wema na itoe harufu ya chakula, na akuepushe wewe na kizazi chako na kosa la kushitakiwa kwa usichonacho.

Ndimi mzee wako mwenye kukuombea,

Karim mwana wa Kamali,
fundi wa ngozi mstaafu.

Baada ya sahihi: Ndugu Mkuu, kama bado hujayasoma yaliyoko juu, usiyasome. Kama umekwisha kuyasoma, yaache yapite.

Nilikuwa nimeikunja barua hii, na adhana ya Magharibi haijaadhiniwa, nikasikia hodi. Alikuwa Mzee Harerimana na watu wake, wamevaa kanzu za Idi, na nyuma yao farasi. Farasi kamili, Ndugu Mkuu, mwenye masikio. Mzee Harerimana alinipa mkono mzima, akasema, "Karim ndugu yangu, utusamehe kukukimbia. Tulipoona saloni yako tulipata haya. Muntu wa farasi utamupelekea ng'ombe? Tumetafuta huku tukakosa, tumevuka mpaka Bukavu, tumemukuta huyu kwa muntu wa kupiga batoto picha siku ya sikukuu. Ni mzee kama sisi, lakini anajua kusimama." Hayo ndiyo mahari yao. Kumbe kila alipojificha nyuma ya ndizi, alikuwa akimkimbia mkwe kwa sababu farasi alikuwa hajapatikana.

Nilifungua kinywa nimweleze kwamba sisi si watu wa farasi, ni watu wa ngozi. Nyuma ya pazia, Isimbi akakohoa. Nimekaa mbele ya walimu wengi, lakini sijapata kusikia kikohozi kilichofafanua mambo kwa ukamilifu ule. Nikafunga kinywa, tukasoma Fatiha. Nitamweleza Harerimana baada ya ndoa, inshallah, au baada ya kitukuu wa kwanza.

Kwa hiyo naomba Jumamosi usilifute jina langu. Litaje, na kama hutajali, litaje kwa sauti, ili Mzee Harerimana pale mbele asikie kwamba sisi ni watu wa farasi tangu zamani. Na nakuomba kwa heshima zote umzuie Ndugu Delphin asifike kwangu kesho. Zizi tulilijenga kwa kipimo cha tandiko, kwa kuwa ndicho kipimo pekee tulichokuwa nacho, na farasi ameingia kichwa na shingo tu. Akatoka, akapita mlango wa saloni bila kupiga hodi, akasimama kando ya kigoda, na hapo ndipo alipo sasa. Mke wangu anasema anafaa sana na mapazia.

Isimbi atalala kwa Mama Bernadette. Mimi na Mukamazimpaka tumehamishia mkeka wetu zizini, ambako ni safi kuliko nilivyodhani, na majani yaliyonyauka yamekuwa godoro jema kwa mgongo wangu. Hivyo katika nyumba yangu hakuna mtu anayelala na mnyama. Tena, kwa sheria ya dini yetu, mahari ni mali ya binti, wala babu hana fungu ndani yake. Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, naweza kuapa wakati wowote kwamba mimi, Karim mwana wa Kamali, sina farasi. Mungu akupe wewe na watu wako usingizi mwema, kila mmoja chini ya paa linalomtosha.